Helsinki: ukitaka kula vizuri, kula mchana

Kazi yangu ni kulisha watu. Mgahawa wangu upo Kariakoo, una viti 26, na huu ni mwaka wa kumi na tano naamka saa kumi alfajiri kuwasha moto. Binti yangu aliponitumia tiketi niende kumtembelea Helsinki, anakosomea uuguzi, majirani waliniambia nikapumzike. Sikuweza kupumzika. Kila nilipoingia kula nilichungulia sufuria, nikahesabu wateja, nikanusa mafuta nijue yamekaangiwa mara ngapi. Nilikaa siku 19, kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Haya nawaandikia Watanzania wenzangu wanaokwenda kule, wawe wa semina, wa masomo au wazazi kama mimi, kwa sababu niliporudi kila mtu aliniuliza swali lilelile: ulikuwa unakula wapi?

Nianze na usiku wa pili, maana ndio ulionifundisha. Binti yangu alitaka kunifurahisha, akanipeleka mgahawa mmoja wa jioni katikati ya mji. Jina nitaliacha. Meza zilipendeza, mshumaa umewashwa, mhudumu mpole. Nikaagiza samaki. Kikaja kipande cha upana wa vidole vitatu, viazi vitatu vidogo na matone ya mchuzi wa kijani pembeni. Yuro 34. Pesa zangu nilibadilisha kwa karibu shilingi 3,000 kwa yuro moja, kwa hiyo sahani moja ilizidi laki moja, na sikushiba. Samaki mwenyewe alikuwa amekauka katikati, alikaa motoni dakika mbili zaidi ya haki yake. Iliniuma zaidi kwa ajili ya mtoto, anayefanya kazi mwisho wa wiki ili alipe kodi ya chumba. Tulipotoka nikamwambia, "Mwanangu, kesho nipeleke unapokula wewe." Akanijibu, "Mama, mimi nakula mchana."

Hapo ndipo nilipojifunza neno *lounas*. Ukienda Helsinki lijue hilo hata kabla hujajua kusema asante. Ni chakula cha mchana cha siku za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Migahawa mingi huanza kukiweka saa nne na nusu au saa tano, na saa nane mchana wanafunga. Ukifika saa nane na robo umechelewa, hata kama unaona sufuria bado zina chakula. Wenzetu wanakula mapema. Saa tano na nusu nimekuta foleni ya mafundi wa ujenzi, koti za kung'aa bado ziko mwilini.

Kwa mara ya kwanza tulilipa yuro 13 na senti 70 kila mmoja, mahali pa kawaida tu, ghorofa ya chini ya jengo la ofisi. Unalipa kaunta, unachukua trei, halafu unajipakulia mwenyewe. Mezani palikuwa na karoti iliyokwaruzwa, kabichi, tango na bitiruti. Kulikuwa na mkate wa aina mbili na siagi bakuli zima, supu ya mboga, na vyakula vikuu viwili: samaki wa kuoka na kuku wa mchuzi mweupe. Viazi vya kuchemsha vilikuwa vimejaa hadi juu. Vinywaji vilikuwa maji, maziwa baridi, na *piimä*, ambayo ukiionja utaijua mara moja, ni maziwa mgando mepesi. Watu wazima na suti zao wanashushia chakula kwa glasi ya maziwa. Mwisho kuna kahawa, nayo imo ndani ya bei ileile. Unarudia sahani ukitaka, na hakuna anayekutazama.

Nilikaa pale kwa muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji, nikipiga hesabu ya biashara. Wahudumu walikuwa wawili kwa watu wasiopungua themanini. Mteja anajipakulia, akimaliza anabeba trei yake mpaka kwenye rafu ya vyombo vichafu, mabaki anayamwaga kwenye ndoo, uma na kisu anavitenga. Mkurugenzi anafanya hivyo, na fundi naye hivyo hivyo. Kisha orodha ya chakula cha wiki nzima imeshabandikwa mlangoni tangu Jumatatu, kwa hiyo mpishi anajua anunue nini na mteja anajua arudi lini. Binti yangu aliniambia pia kwamba waajiri wengi huwachangia wafanyakazi wao pesa ya chakula cha mchana, na ndiyo maana migahawa inajaa kila siku. Mimi ninayekopesha sahani za wali hadi mwisho wa mwezi, jambo hilo nililiwaza usiku kucha.

Kitu kimoja kilinisumbua hadi siku ya kuondoka: hakuna sehemu ya kunawa mikono karibu na meza. Kwangu birika na beseni ndivyo vinavyomkaribisha mteja. Kule unanawa chooni ukitaka, kisha unashika uma. Na usitegemee pilipili. Nilibeba chupa yangu ya pilipili ya kusaga kwenye mkoba, naishauri kwa kila mtu.

Kwa sisi tusiokula nguruwe, hapa soma polepole. Kwenye orodha tafuta maneno haya: *possu* na *sianliha* ni nyama ya nguruwe, *kinkku* ni paja lake, *pekoni* ni bekoni, nayo ni ya nguruwe. Siku ya Alhamisi uwe macho zaidi. Alhamisi kule ni siku ya *hernekeitto*, supu nzito ya njegere kavu, na baada yake chapati nene ya kuoka yenye jemu, kama sisi tunavyojua kwamba Ijumaa ni pilau. Supu hiyo ni nzuri kwa macho na inatoa harufu ya nyumbani, lakini mara nyingi imepikwa na nyama ya nguruwe ndani. Nilikuwa nimeshashika upawa binti yangu aliponigusa mkono. Herufi ndogo zinazofuata jina la chakula nazo zina maana yake: L ni kisichokuwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, M hakina maziwa kabisa, G hakina gluteni, ile protini ya ngano. Mwenye tumbo linalokataa maziwa azishike hizo, maana krimu inaingia karibu kila sufuria.

Sasa samaki. Mtu wa Dar akienda Helsinki aanzie Kauppatori, uwanja wa soko ulio bandarini. Nilipofika nilisimama nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa naiona Feri, soko letu la samaki la Dar. Soko lipo ukingoni mwa bahari, ikulu ya rais inatazamana nalo, na pembeni pantoni inajaza watu kuwavusha kwenda kisiwa cha Suomenlinna, kama wetu wanavyovuka kwenda Kigamboni. Tofauti ni utulivu. Hakuna mnada, hakuna mtu anayepiga kelele za bei, na hakuna vijana wa kupara samaki wanaokurushia magamba.

Bahati ilikuwa upande wangu, kwani nilifika wiki ya *Silakkamarkkinat*, soko la samaki linalofanyika kila Oktoba tangu mwaka 1743. Wavuvi wanatoka visiwani na mashua zao, wanazifunga ukutani mwa bandari, na wanauza wakiwa humohumo ndani ya mashua. Samaki mwenyewe ni *silakka*, wa jamii ya heringi, mdogo, mgongo wa buluu, tumbo la fedha. Bahari ya Baltiki ina chumvi hafifu, na samaki wake hawakui kama wenzao wa bahari kubwa. (Kule Suomenlinna nilichovya kidole nikaramba. Kweli, ukilinganisha na maji ya Kigamboni, ni kama mtu aliyesahau kutia chumvi kwenye mchuzi.) Wanamhifadhi kwenye mitungi ya kioo kwa siki, sukari na vitunguu, wengine kwa haradali, wengine kwa nyanya. Nilionja aina sita. Ya haradali ilinikaa, ya sukari nyingi sikuiweza. Pembeni wanauza mkate mweusi wa visiwani, mtamu na mzito, kipande kimoja unashiba. Mama mmoja mvuvi, mikono imepasuka kwa baridi kama ya mama zetu wa dagaa, alinikatia vipande viwili vya kuonja bila kuniuliza kama nitanunua. Nilinunua mitungi miwili.

Lakini chakula chenyewe cha pale ni *muikku*. Hawa ni samaki wadogo wa ziwani, urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo. Wanavingirishwa kwenye unga wa rai, ile nafaka ndugu yake ngano iliyo nyeusi kidogo, kisha wanakaangwa kwa siagi kwenye kikaango kipana kuliko kile cha chapati zangu. Niliomba kusimama karibu nione. Mkaangaji hakujaza kikaango. Aliacha nafasi kati ya samaki na samaki, akasubiri ukingo uwe wa dhahabu, ndipo akawageuza wote kwa mwiko mpana kwa mkupuo mmoja. Unawala wazima, na miiba yao, kama dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakakauka vizuri. Sahani ya karatasi na viazi na mchuzi wa kitunguu saumu ilikuwa yuro 14. Nikaongeza pilipili yangu na kufumba macho. Ukila nje ukumbatie sahani yako: shakwe wa pale wanashuka kutoka nyuma yako, na niliona mzee mmoja akibaki na uma mtupu.

Hatua chache kutoka hapo kuna jengo refu la matofali, Vanha Kauppahalli, soko la ndani lililofunguliwa mwaka 1889. Ni zuri sana, mbao zilizong'arishwa, vibanda vidogo kama makabati. Nilinunua jibini na kunywa chai. Watalii ni wengi na bei zinajua hivyo. Moyo wangu ulibaki kwenye soko jingine, Hakaniemi, vituo viwili vya metro kutoka katikati ya mji ukianzia stesheni kuu. Mtaa ule ulikuwa wa wafanyakazi tangu zamani, na jengo la soko ni la mwaka 1914. Walilifunga miaka kadhaa kulikarabati, likafunguliwa tena mwaka 2023. Nyama na samaki ziko chini, na wazee wa mtaani wanakuja na vikapu vyao vya magurudumu, wanabishana na muuza samaki kuhusu kipande cha mkia. Soko lenye wazee wanaobishana ni soko hai.

Hapo ndipo nilipokula *lohikeitto*, supu ya samoni, na ningependa nikae kidogo kwenye bakuli hili. Lilikuwa jeupe lenye vijicho vya siagi vinavyoelea juu. Samoni amekatwa vipande vya ukubwa wa kiberiti, na nilijua wametiwa mwishoni kabisa, kwa sababu walikuwa wamelainika bila kumeguka. Viazi vimekatwa vikubwa na vimechemka hadi pembe zake zimeanza kuyeyuka na kuuzitisha mchuzi. Hakuna unga humo, niliuliza. Kuna liki, jamii ya kitunguu, kuna punje nyeusi zinazofanana na pilipili manga lakini zinanukia karafuu, na juu wametupia *tilli*, majani membamba kama nyuzi za kushonea. Krimu inafanya kazi ya tui. Mpishi wa pwani akionja supu ile atajua kabisa mwenzake alikuwa anawaza nini: samaki, kitu cheupe chenye mafuta, moto mdogo, subira. Tui letu lina utamu wake wa asili, na kwa hiyo mchuzi wetu unahitaji ndimu. Wao kwa krimu yao hawakuihitaji. Muuzaji aliniambia samoni wengi wanatoka Norwei, wanakofugwa. Bakuli lilikuja na vipande viwili vya *ruisleipä*, mkate mweusi wa rai uliochachuliwa. Kwa mara ya kwanza utaukunjia uso. Mara ya tatu utagundua ladha ile unaifahamu, ni uchachu wa togwa ya ulezi, na utaanza kuitafuta. Nilirudi Hakaniemi mara nne kwa ajili ya supu hiyo. Kama ni kutoa alama, naipa tisa kati ya kumi, na ile moja ni ya pilipili.

Baada ya supu agiza kahawa. Wafini wanakunywa kahawa asubuhi, mchana na jioni, nyepesi na ya kukaanga kidogo, na pamoja nayo kuna *korvapuusti*, mkate mtamu uliosokotwa wenye mdalasini. Jina lake maana yake ni kofi la sikio. Nilikata wangu kwa mkono, harufu ikanipanda, nikauweka chini. Iliki. Nimekaa kilomita maelfu kutoka Kariakoo, nje jua limekuwa la rangi ya maji ya mchele, na mkononi nina harufu ya maandazi yangu ya alfajiri. Nchi ile haioti hata shina moja la iliki, na bado wameifanya ya kwao, wanaiita *kardemumma*. Nikachambua kwa ukucha. Punje zilikuwa za kutwangwa nusunusu, vipande vyeusi unaviona kabisa kwenye unga. Mimi miaka yote nasaga iliki hadi iwe vumbi na kuchekecha. Yao inakaa kimya mdomoni, kisha unang'ata kipande na inalipuka. Bei ilikuwa karibu yuro 5, ghali kwa mkate mmoja, lakini mkubwa kiasi cha kugawana wawili, na mimi na binti yangu tuligawana.

Kitu kingine cha kununua kwa mkono na kula unatembea ni *karjalanpiirakka*: gamba jembamba la rai, ndani wali wa maziwa, kingo zimefinywa kwa vidole kama sambusa iliyoachwa wazi. Hupakwa siagi iliyopondwa na yai la kuchemsha. Ukipewa wa moto ni chakula. Ukiwa baridi uache.

Nyama ya poro, yule mnyama wa kaskazini mwenye mapembe, sikula, kwa sababu sikujua imechinjwaje. Wala sikwenda kwenye migahawa ya nyota za Michelin, zile tuzo za migahawa bora, ambayo mji huo unayo. Mwenye nafasi aende atuletee habari.

Siku ya kumi na moja mwili ulidai wali. Tukapanda metro hadi Itäkeskus, mashariki ya mji, kwenye majengo ya zamani ya maduka yanayoitwa Puhos. Wasomali wameishi Helsinki kwa wingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na pale kuna maduka ya viungo, vinyozi, mabucha ya halali, na migahawa ambayo ukifungua mlango miwani inaingia ukungu kwa mvuke wa wali. Nilipata sahani ya wali wa viungo, kondoo aliyepikwa hadi anaachia mfupa, kachumbari na ndizi mbivu moja nzima pembeni. Aliponisikia nikiongea na binti yangu, mwenye mgahawa alitoka jikoni. Alikuwa amekaa Mombasa utotoni. "Karibu, mama, ongeza wali," akaniambia kwa Kiswahili, na akaniletea birika la kunawia. Nilikaa naye saa nzima tukizungumza bei ya mchele. Nyama ilikuwa imezidi chumvi kidogo, nilimwambia, akakubali, akasema ni mpishi mpya. Sahani ile inatosha watu wawili wasio na njaa kali.

Kuhusu maji: usinunue ya chupa. Omba ya bomba, mara nyingi utaletewa jagi na ni bure. Yanatoka Ziwa Päijänne kwa handaki la urefu wa kilomita 120 lililochimbwa ndani ya mwamba, likakamilika mwaka 1982. Nilikunywa glasi ya kwanza taratibu. Kwangu Kariakoo bomba likikauka nanunua maji ya madumu hata ya kuoshea vyombo, na siku hizo faida yote inaishia humo. Sijawahi kuona kitu mgahawani kikanitia wivu kama jagi lile. Bahashishi pia hawaitegemei. Ukilipa bili umemaliza.

Kwa ufupi wa mfuko wako: siku za kazi shiba mchana kwa *lounas*, jioni kula mkate, jibini na samaki wa mtungi nyumbani au hotelini. Jumamosi nenda sokoni, kwani mwisho wa wiki *lounas* ni adimu. Kwa yuro 20 kwa siku nilikula vizuri kuliko usiku ule wa yuro 34.

Nimerudi wiki tatu sasa. Iliki natwanga kwenye kinu, nusunusu, na wateja wa maandazi wa asubuhi wameuliza nimebadilisha nini. Jumapili jioni nilinunua ubao mweusi nikaandika chakula cha wiki nzima: Jumatatu maharage ya nazi na wali, Jumanne ugali na dagaa, Jumatano makande, Alhamisi samaki wa kupaka, Ijumaa pilau kama siku zote. Nikautundika nje, juu ya beseni la kunawia. Dereva mmoja wa bajaji alisimama asubuhi akausoma wote, kidole kikifuata mstari. "Mama, Alhamisi kweli samaki wa kupaka yupo?" Nikamwambia yupo. Alhamisi saa sita na nusu alikuja na wenzake wanne.